Jules Ferry na Somo la Uraia

Bwana huyu alizaliwa Saint-Dié, Ufaransa, mwaka 1832, akawa wakili, na mwaka 1879 akapewa Wizara ya Elimu. Twamtaja leo kwa kuwa swali la siku zake lingali letu: ni nani achague mtoto afundishwe nini juu ya nchi yake?

Sheria ya mwaka 1881 iliondoa ada katika shule za msingi za serikali. Ile ya tarehe 28 Machi 1882 iliwalazimisha watoto wa miaka 6 hadi 13 kusoma, ikaweka somo la adabu na uraia badala ya dini. Hata hivyo mzazi aliachiwa hiari ya kumpeleka mwanawe shule isiyo ya serikali, au kumfundisha nyumbani. Na siku moja kwa juma, mbali na Jumapili, shule zilifungwa ili wapendao wafundishe watoto dini nje ya majengo yake.

Ugomvi haukukawia. Vitabu vinne vya uraia vilikatazwa na Roma, na vijijini mapadre na walimu wakashindana. Ndipo Novemba 1883 Ferry alipowaandikia walimu, akiwaasa wasinene neno ambalo baba hata mmoja angelikataa kwa moyo mnyofu.

Alifariki mwaka 1893. Sheria yake twaweza kuilaumu, lakini shauri lile ni jema. Ila halina nguvu pale baba asipojua kinachofundishwa. Basi, enyi wazazi, yafungueni madaftari ya watoto wenu.