MEKATILILI WA MENZA: MAMA ALIYEHAMISHIWA KISMAYO



Katika toleo hili tumeona vema tuwaletee maisha ya mama mmoja ambaye jina lake linajulikana pwani yote ya Kenya. Wengi mmemsikia kama shujaa aliyepigana na wakoloni. Hiyo ni kweli. Lakini kuna mambo mawili katika habari zake ambayo hayasemwi sana, nayo yanatugusa sisi tuliotoka makwetu. La kwanza, alihamishwa kwa nguvu mara mbili, na mara ya pili alipelekwa Kismayo. La pili, katikati ya mapambano yake palikuwa na msitu.

Kuzaliwa kwake

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Mutara wa Tsatsu, Ganze, katika nchi ya Wagiriama. Jina lake la kwanza lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Katilili, akaitwa Mekatilili, maana yake mama Katilili. Inasimuliwa kwamba alipokuwa angali msichana, kaka yake alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena. Baadaye aliolewa, kisha akawa mjane.

Kaya ni nini?

Hatuwezi kumwelewa mama huyu bila kujua kaya. Kwa mapokeo ya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni mojawapo ya makabila yao tisa, babu zao waliishi Singwaya, katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Somalia. Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula nao husema asili yao ni Singwaya. Mapokeo husema kwamba vita na Waoromo viliwatoa Wamijikenda huko, wakakimbilia kusini. Walipofika walikofika walitafuta vilima vyenye msitu mnene. Wakasafisha mahali pa katikati tu, wakajenga nyumba, wakauacha msitu uwazunguke pande zote kama boma. Watu waliingia kwa vijia vyembamba, na adui hakuweza kuona kilichomo ndani.

Kwa maneno ya siku hizi tungesema kwamba kaya yalikuwa makazi ya wakimbizi. Na kilichowalinda wakimbizi hao kilikuwa miti.

Ndiyo maana wazee waliweka sheria kali. Mti wa kaya haukatwi. Mifugo hailishwi humo. Nje ya vijia mtu hapiti ovyo. Aliyevunja sheria alitozwa faini ya kuku au mbuzi. Watu walipoongezeka na usalama ukapatikana, walihamia mashambani, lakini kaya zilibaki mahali pa mikutano, pa kuapia na pa kuzikia. Ndani yake mbambakofi, mvule na miti mingine mingi ya asili ikaendelea kukua huku misitu ya nje ikifyekwa.

Mapambano ya mwaka 1913 na 1914

Mwaka 1912 serikali ya Uingereza ilimpeleka Arthur Champion kuwasimamia Wagiriama. Serikali ilitaka mambo matatu: kodi ya nyumba, vijana wa kufanya kazi ya vibarua, na Wagiriama waondoke katika ardhi yenye rutuba kaskazini mwa mto Sabaki. Mekatilili, wakati huo mama mtu mzima, alizunguka vijijini akiwakusanya watu kwa kifudu, ngoma ya msiba. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola aliwaita watu Kaya Fungo mwaka 1913. Wanawake kwa wanaume wakala kiapo cha kutoshirikiana na serikali. Inasimuliwa kwamba katika mkutano mmoja alimletea Champion kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone kuku atafanya nini.

Mwezi Oktoba 1913 walikamatwa wote wawili, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwezi Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu, mwendo wa mamia ya kilomita.

Serikali ilijua nguvu za watu zilikuwa wapi. Tarehe 4 Agosti 1914 askari wake waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Walidhani wakiuvunja moyo wa mahali, watu watatii. Ikawa kinyume: vita vikazuka. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, maelfu ya nyumba zilichomwa, na waliobaki walitozwa faini ya rupia 100,000.

Uhamishoni Kismayo

Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi huohuo wa Agosti. Safari hii walipelekwa Kismayo, ambayo wakati huo ilikuwa makao ya jimbo la Jubaland chini ya Waingereza. Italia iliichukua nchi hiyo mwaka 1925.

Tafakarini jambo hili. Mama huyu alihamishiwa pwani ileile ambayo, kwa mapokeo, babu zake waliikimbia. Wao walitoka huko wakaenda kuanzisha kaya. Yeye alirudishwa huko kwa sababu ya kuitetea kaya.

Alirudi kwao mwaka 1919. Serikali ilikuwa imeona kwamba baruti haikufaa kitu, ikawaruhusu Wagiriama kuitumia tena kaya yao. Wanje akaongoza baraza la wanaume na Mekatilili baraza la wanawake. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, katika msitu wa Dakatcha.

Misitu hiyo leo

Kaya ziliipita baruti, lakini baadaye zilipata adui mwingine wa kimyakimya. Vijana waliacha kusikiliza wazee. Wengine waliona misitu hiyo ni mahali pa mizimu tu, kwa hiyo haina haja ya kulindwa. Watu wakakata mbao, wakachimba mawe, wakagawana viwanja. Wataalamu wa mimea walipoikagua misitu hiyo katika miaka ya 1980, walikuta humo mimea adimu ambayo mingine haioti popote duniani ila pwani hii. Kuanzia mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianza kuziandikisha kaya kuwa urithi wa taifa unaolindwa kwa sheria. Mwaka 2008 kaya kadhaa, pamoja na Kaya Fungo, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Kaya Kinondo, kaunti ya Kwale, tangu mwaka 2001 wenyeji huwatembeza wageni msituni kwa malipo, hivyo mti uliosimama ukaleta fedha kuliko mti uliokatwa.

Dakatcha, alikolala Mekatilili, haina ulinzi kama huo, na miti yake, hasa mrihi, inaendelea kukatwa kwa mkaa. Kuanzia mwaka 2009 palikuwa na mpango wa kufyeka maelfu ya hekta huko kupanda mibono ya kutengenezea mafuta. Wenyeji na watetezi wa misitu walikataa, na mpango huo haukuendelea.

Kismayo nako msiba wa miti ni mkubwa. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, migunga ya bara ilikatwa kwa wingi, ikachomwa mkaa, ikapakiwa melini kupitia bandari ya Kismayo kwenda nchi za Ghuba. Fedha zake zilinunua silaha. Mwezi Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara hiyo. Vita hufukuza watu na hula miti. Na miti ikiisha, hata vita vikiisha mfugaji harudi, kwa kuwa hana malisho.

Sisi tujifunze nini?

Wapendwa, Mekatilili aliishi kwa mila za kabila lake, nasi hatuwaelekezi mkafanye matambiko. Wala yeye hakuwa mtaalamu wa mimea. Alitetea watu wake na ardhi yao, na msitu ulikuwa ndani ya jambo hilo kwa sababu watu wa kwao hawakuwa wametenganisha hayo matatu.

Sisi hapa tunasema mara nyingi kwamba mahali hapa si petu, tunapita tu. Kwa hiyo tunakata leo, kesho tutajua. Lakini wale waliotoka Singwaya nao walikuwa wageni. Walipofika hawakungoja mpaka wawe wenyeji ndipo waanze kutunza. Walianza siku ileile walipojenga, na wajukuu zao wakakuta msitu. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu wa Mungu waliokuwa uhamishoni Babeli habari hiyohiyo: wajenge, wapande, wautakie mema mji walimo.

Tunajua kuni ni shida ya kila siku, na kwamba ni mama zetu na binti zetu wanaozifuata mbali na kwa hatari. Hatuandiki haya kumhukumu mtu. Yapo mambo madogo tunayoweza:

Kisiki cha mti wa asili kikichipua, usiking'oe. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, punguza mengine uyatumie kuni. Kisiki kina mizizi tayari, hukua upesi kuliko mche. Ndugu zetu wa Dodoma huita kazi hii kisiki hai.

Okoteni mbegu chini ya miti ya asili iliyobaki karibu nasi, mkaioteshe kwenye mifuko. Muulizeni mwenyeji jina lake na faida zake. Tusipande mathenge, sote tunajua jinsi inavyovamia malisho.

Kikundi cha akina mama na vijana wa kwaya wanaweza kuuzungushia miiba uwanja wa kanisa, mbuzi wasiingie, mvua moja tu tuone kitakachoota chenyewe.

Wenyeji wetu wanatutazama. Wanakumbuka miti iliyokuwapo kabla hatujafika. Siku tutakapofunga mizigo, Mungu akipenda, tuwaachie mahali penye kivuli.

Bwana awalinde nyote.