Mtakatifu Monika, Mama wa Agostino

Monika alizaliwa yapata mwaka 331 katika mji wa Thagaste, katika nchi ambayo sasa yaitwa Aljeria. Basi, huyu ni mtu wa Afrika, wala si mgeni kwetu. Wazazi wake walikuwa Wakristo, lakini walimwoza kwa Patricius, mtu asiyebatizwa, mwepesi wa hasira, tena asiye mwaminifu katika ndoa. Monika hakushindana naye alipoghadhibika. Alingoja mpaka moyo wake utulie, ndipo akamweleza neno lake. Mama mkwe naye alimchukia kwa ajili ya fitina za watumishi, hata mwisho akashindwa na upole wake. Na Patricius mwenyewe akabatizwa kabla ya kufa kwake.

Mwana wao Agostino alizaliwa mwaka 354. Akapelekwa Kartago kusoma. Huko akakaa na mwanamke bila ndoa, akafuata mafundisho ya Wamani. Aliporudi nyumbani, mama yake alikataa kula naye meza moja, mpaka alipoota ndoto iliyomtia matumaini. Alimwendea askofu mmoja, akamsihi aseme na kijana. Askofu hakukubali, kwa kuwa kijana alijaa kiburi. Lakini alimfariji kwamba mwana aliyeliliwa vile hawezi kupotea.

Mwaka 383 Agostino aliazimu kwenda Roma. Mama akamfuata mpaka pwani, akamshika asimwache. Agostino akamdanganya kwamba amekuja kumsindikiza rafiki tu; na usiku ule, Monika alipokuwa akisali katika kanisa la Mtakatifu Sipriani, chombo kikatweka. Kulipopambazuka, mwana hayuko. Alilia sana, akamlaumu kwa uongo wake. Kisha akarudi kwao, akaendelea kumwombea. Baadaye akavuka bahari yeye mwenyewe, akamfikia Milano mwaka 385.

Wala tusidhani kwamba hakukosa kamwe. Huko Milano alijitahidi kumpatia mwanawe mchumba wa heshima, na yule mwanamke aliyemzalia Agostino mtoto akarudishwa Afrika, naye Agostino akaumia moyo.

Usiku wa kuamkia Pasaka, mwaka 387, Askofu Ambrosi alimbatiza Agostino pamoja na mwanawe Adeodatus. Mwaka ule ule, walipokuwa Ostia wakingoja kurudi Afrika, Monika alishikwa na homa, akafa, umri wake miaka 56. Zamani alikuwa ameweka tayari kaburi kando ya mumewe. Sasa aliwaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke altareni.

Agostino akawa askofu wa Hippo hata kufa kwake mwaka 430, na habari za mama yake aliziandika katika kitabu cha Maungamo. Mwaka 1945 kipande cha jiwe la kaburi lake kilionekana Ostia.

Enyi kina mama ambao wana wenu wamekwenda mbali bila kuaga, mkumbukeni Monika pale pwani. Asubuhi ile haikuwa mwisho wa habari.