FERDINAND PORSCHE: Fundi asiye na digrii, Hitler, na gari lenye mgongo wa kobe

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Ukitaja Porsche, vijana wengi akili inakwenda kwenye gari la mbio la mapesa mengi, lile la wacheza soka wa Ulaya. Wengi hawajui kwamba Porsche alikuwa mtu, mzee mwenye sharubu na kofia, na kwamba gari lake lililoenea kuliko yote halikubeba jina lake. Nazungumzia Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Zilitengenezwa 21,529,464, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Maisha ya aliyeibuni yana utamu na uchungu, na wengi wanaomsifia wanauruka uchungu. Hapa hatuuruki.

Ferdinand alizaliwa 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, Bohemia, wakati huo chini ya himaya ya Austria-Hungaria. Leo panaitwa Vratislavice na ni sehemu ya mji wa Liberec, Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Mzee Anton, alikuwa fundi wa bati mwenye karakana yake, na kijana alitegemewa kuirithi. Lakini dogo alikuwa na wazimu wa umeme, kitu ambacho enzi hizo watu walikiona kama uchawi. Mchana nyundo kwa baba, jioni shule ya ufundi mjini. Hata miaka 20 hajafika, akawa ameshafunga taa za umeme nyumbani kwao.

Mwaka 1893 akaenda Vienna kufanya kazi kwenye kampuni ya vifaa vya umeme ya Béla Egger. Chuo kikuu cha ufundi kilikuwepo pale pale, ila hakuwa mwanafunzi. Akitoka kazini alikuwa anajipenyeza darasani kusikiliza mihadhara ya bure! Udaktari aliokuja kuitwa nao baadaye ulikuwa wa heshima tu. Sisi tuliomaliza sekondari tukabaki na cheti mkononi, hapo lazima tumpende kidogo.

Halafu angalia jamaa alichofanya. Mwaka 1898 alihamia kwa Jakob Lohner, mtengenezaji wa magari ya farasi ya mabwana wakubwa. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 wakapeleka gari la umeme ambalo mota zake zimo ndani ya magurudumu yenyewe. Hakuna gia, hakuna mnyororo. Tatizo likawa betri, nzito na zinaisha haraka. Porsche akaweka injini ya petroli ambayo kazi yake ni kuzungusha jenereta, jenereta inalisha mota za magurudumu. Ndiyo, ni haibridi, zaidi ya miaka 90 kabla ya Toyota Prius ya 1997. Ilikuwa nzuri lakini ghali, na bili alikuwa analipa Lohner.

Hapo shika jambo moja, maana litajirudia hadi mwisho. Porsche alikuwa na mawazo makubwa kuliko mfuko wa kila tajiri aliyemwajiri. Mwaka 1906 alikwenda Austro-Daimler, akapanda hadi ukubwa, na mwaka 1910 akashinda mashindano ya Prinz Heinrich akiendesha mwenyewe gari alilolichora. Mwaka 1923 akagombana na wakubwa kuhusu pesa, akaondoka. Akaenda Daimler kule Stuttgart, akawatengenezea magari ya mbio ya kutisha, lakini akawa anawasumbua na wazo la gari dogo la mtu wa kawaida. Mwisho wa 1928 kibarua kikaota nyasi. Akaenda Steyr, Austria, mdororo wa uchumi wa 1929 ukamkuta huko huko. Umri zaidi ya miaka 50, hasira za karibu, na sifa ya kumaliza pesa za watu. Nani amwajiri?

Akajiajiri. Aprili 1931 alifungua ofisi ya uchoraji wa magari Stuttgart. Kazi ya kwanza wakaipa namba 7 badala ya 1, wateja wasidhani ni wageni kwenye dili. Ofisi hiyo haikuwa yake peke yake, na hapa naomba usome polepole. Mkwewe Anton Piëch, mwanasheria, alikuwa na hisa. Asilimia 10 zilikuwa za Adolf Rosenberger, dereva hodari wa magari ya mbio aliyeweka pesa zake na kuwatafutia wateja wakati kampuni inapumulia mashine. Rosenberger alikuwa Myahudi.

Gari la mtu wa kawaida likaanza kusukumwa tena. Walilichora kwa ajili ya kampuni ya pikipiki ya Zündapp, Zündapp wakajitoa. Wakalichora kwa ajili ya NSU, safari hii injini nyuma, inapozwa kwa upepo. NSU nao wakaishia njiani. Tusidanganyane lakini: Porsche hakuwa peke yake kwenye wazo hili. Hans Ledwinka wa Tatra, Czechoslovakia, alikuwa na magari ya mtindo huo huo, na miaka mingi baadaye, 1965, Volkswagen ilikubali kulipa ili kuimaliza kesi yao. Josef Ganz, mhandisi Myahudi na mhariri wa jarida la magari, alilipigia debe gari dogo la wananchi kwa miaka, halafu mwaka 1933 Gestapo wakamkamata, akakimbia nchi. Hata ndani ya ofisi ya Porsche kwenyewe, bodi ilichorwa na Erwin Komenda na injini na Franz Reimspiess. Mzee alikuwa kocha wa timu, na kocha mzuri kweli, lakini magoli yalifungwa na wengi.

Kilichokuwa kinakosekana ni tajiri mwenye mfuko usio na mwisho. Januari 1933 akaingia madarakani Ujerumani. Alikuwa anaitwa Adolf Hitler.

Hitler alitaka gari la kubeba watu wazima wawili na watoto watatu, litembee kilomita 100 kwa saa, lisinywe mafuta sana, bei isifike mark 1,000. Wahandisi wengine walicheka bei hiyo. Porsche hakucheka. Juni 1934 alisaini mkataba, na magari ya kwanza ya majaribio yakaundwa kwenye gereji ya nyumbani kwake. Mwaka huo huo alipewa uraia wa Ujerumani, maana yeye alikuwa raia wa Czechoslovakia. Mwaka 1937 akaingia chama cha Nazi, baadaye SS nao wakampa cheo. Kuna wanaosema alikuwa fundi tu, siasa hazijui. Kwangu haiingii. Mtu anayeweza kukokotoa uzito wa kila nati anashindwa kuona mwenzake wa ofisini anakwenda wapi?

Maana Rosenberger mwaka 1935 alitolewa kwenye kampuni. Hisa zake zilichukuliwa kwa mark 3,000, thamani ya kwenye karatasi tu, wakati kampuni sasa ina mkataba mnono wa serikali. Septemba mwaka huo Gestapo wakamkamata, akapelekwa kambi ya mateso ya Kislau. Alitoka baada ya wiki chache, akakimbilia Ufaransa na baadaye Marekani.

Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa tarehe 26 Mei 1938 karibu na Fallersleben, penye mji ambao sasa unaitwa Wolfsburg. Wananchi waliambiwa wanunue stempu za mark 5 kila wiki, kitabu kikijaa unapewa gari. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Vita vikaanza Septemba 1939, na hakuna hata mmoja aliyepewa gari kwa stempu zile. Upatu wa serikali, ukavunjika na pesa za watu ndani!

Kiwanda kikageukia jeshi: gari la vita la Kübelwagen, lile linaloelea majini la Schwimmwagen, na kazi nyingine kibao. Mzee mwenyewe akajitosa kwenye vifaru. Kuna kimoja kilipewa jina lake, Ferdinand, vikatengenezwa karibu 90, na kingine kiliitwa Maus, yaani panya, kikiwa na uzito wa tani 188. Panya! Madaraja mengi yasingekiweza.

Na nani alikuwa anafanya kazi kiwandani? Wakati wa vita watu kama 20,000 walilazimishwa kufanya kazi Volkswagen: Wapolandi, watu wa Umoja wa Kisovieti, mateka wa vita, na maelfu waliotolewa kambi za mateso. Wanahistoria Hans Mommsen na Manfred Grieger, waliopewa kazi hiyo na Volkswagen yenyewe na kutoa kitabu chao mwaka 1996, walionyesha kwamba Porsche alikwenda hadi kwa Himmler, mkuu wa SS, kuomba wafungwa. Wanawake wa Kipolandi na Kisovieti waliojifungua walinyang'anywa watoto, wakawekwa kwenye kituo cha kampuni kijijini Rühen. Walikufa watoto zaidi ya 300 kwa njaa, uchafu na maradhi. Daktari wa kiwanda, Hans Körbel, alihukumiwa na Waingereza na kunyongwa mwaka 1947. Porsche hakuwahi kushtakiwa kwa hayo.

Alichokipata yeye ni jela ya Wafaransa. Novemba 1945 walimwita Baden-Baden kwa gia ya kutaka awatengenezee Volkswagen ya Kifaransa, na Desemba 15 wakamkamata yeye, mkwewe Piëch na mwanawe Ferry. Ferry aliachiwa mapema. Mzee akapelekwa Paris kuulizwa ushauri kuhusu gari dogo la Renault 4CV, halafu jela ya Dijon. Alikuwa na miaka 71 na afya imechoka. Agosti 1947 alitoka kwa dhamana ya faranga milioni moja kwa ajili yake na Piëch, na sehemu kubwa ya fedha ilitokana na kazi ambayo Ferry na dada yake Louise waliipata ya kuchora gari la mbio la Cisitalia la Italia. Mahakama ya Ufaransa ilimfutia mashtaka mwaka 1948.

Aliporudi alikuta watoto wameshika usukani. Kwenye kijiji cha Gmünd, Austria, ndani ya kiwanda cha zamani cha mbao, gari la kwanza lenye jina Porsche, yaani 356, lilipata usajili Juni 1948. Ni kazi ya Ferry, ingawa limejengwa kwa viungo vya Beetle. Huko Wolfsburg nako, ofisa wa Kiingereza Meja Ivan Hirst alikuwa amekifufua kiwanda kilichopigwa mabomu, na kuanzia 1948 Heinrich Nordhoff akakiendesha. Septemba mwaka huo Volkswagen ilikubali kuilipa familia ya Porsche fungu kwa kila Beetle inayotoka.

Gari lenyewe lilifika hadi kwetu. Kwenye mbio za Safari zilizoanza mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Beetle iliibuka mshindi mwaka 1954, 1957 na 1962. Sababu si muujiza. Haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka. Injini imekaa juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye tope yanashika. Chini ni bapa, mawe hayana cha kung'oa. Kile kilichochorwa kwa ajili ya baridi ya Ujerumani kikaja kufaa masika ya Afrika Mashariki.

Ushindi huo Porsche hakuuona. Novemba 1950 alikwenda Wolfsburg kutazama kiwanda, na muda mfupi baadaye akapata kiharusi. Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951 akiwa na miaka 75, akazikwa Zell am See, Austria. Mwaka 1999 waandishi wa magari walimtangaza mhandisi wa magari wa karne. Mwaka 2013, kule alikozaliwa Vratislavice, vibao vya kujivunia jina lake viling'olewa baada ya watu kulalamika kuhusu Unazi wake.

Rosenberger naye alibadili jina Marekani, akajiita Alan Robert, na alipofariki Los Angeles mwaka 1967 kampuni aliyoisaidia kuzaliwa ilikuwa imeshakuwa maarufu dunia nzima. Baada ya vita alifungua madai apewe haki yake. Yalimalizwa mwaka 1950, Mzee Porsche akiwa bado hai: mark 50,000 na gari moja, achague mwenyewe kati ya Porsche 356 na Volkswagen. Hisa hakurudishiwa. Alichagua Volkswagen.