Louis Pasteur na Siri ya Hamira

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Mikindani, Msimbati au Kilambo unaijua kazi ya mgema. Asubuhi anashusha tembo tamu kutoka juu ya mnazi. Jioni tembo hilo limechachuka na linatoa povu. Likikaa siku kadhaa huwa kali kama siki. Uraka nao ni hivyo hivyo. Msimu wa korosho mabibo hukamuliwa, na maji yake huanza kutoa povu kama yanachemka, wala hakuna moto. Hakuna mtu aliyetia dawa ndani. Je, nani anaifanya kazi hiyo?

Watu walikula mikate na kunywa pombe maelfu ya miaka bila kulijua jibu. Wataalamu wachache walikuwa wamesema kwamba hamira ni kitu chenye uhai, lakini hawakusadikiwa. Aliyewafanya watu wasadiki ni Mfaransa, jina lake Louis Pasteur.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, wala hakuwa tajiri. Utotoni Louis alipenda zaidi kuchora picha kuliko masomo. Lakini alikuwa mvumilivu sana. Alisoma mpaka akawa mwalimu wa kemia. Kemia ni elimu ya kujua vitu vimefanywa kwa nini na vinabadilikaje. Mwaka 1849 alimwoa Bibi Marie Laurent. Jioni mke huyu alikuwa akimwandikia kazi zake.

Mwaka 1854 Pasteur alihamia mji wa Lille. Huko kulikuwa na viwanda vya kutengeneza spiriti kutokana na bitiruti zenye sukari. Mwaka 1856 mwenye kiwanda mmoja alimjia akiwa na shida. Baadhi ya mapipa yake yalikuwa yanaharibika. Badala ya spiriti alipata uchachu tu, na hasara ilikuwa kubwa.

Pasteur akachukua matone kutoka katika mapipa, akayatazama kwa hadubini. Hadubini ni chombo cha kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo. Hiyo ndiyo hamira. Katika mapipa mabaya aliona vijiti vidogo zaidi, vingi sana. Hivyo ni bakteria, ndugu za wale wanaogandisha maziwa. Basi, wafanyakazi walikuwa wa aina mbili. Mmoja alifanya spiriti, mwingine uchachu.

Mtaalamu mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alikataa. Yeye alisema hamira ni kitu kinachooza tu. Pasteur hakubishana kwa maneno matupu. Alichukua maji safi, akatia sukari, chumvi ya amonia na majivu ya hamira. Kisha akaongeza hamira kidogo sana. Ndani ya maji yale hapakuwa na kitu cha kuoza, lakini hamira ilikua na kuongezeka, na sukari ikageuka kuwa kileo na hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoumua unga wa vitumbua vyako.

Chembe ya hamira ni ndogo mno. Ukipanga chembe 200 kwa mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita moja. Ikipata chakula, inatoa kichipukizi ubavuni kama mgomba unavyotoa mche. Kichipukizi kinakua, kinaachana na mama yake, nacho kinaanza kujitegemea. Hayo Pasteur aliyaona. Jambo moja hakuliona, nalo ni kwamba hamira nayo huoana.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1935, miaka 40 baada ya kifo chake. Aliyeligundua ni Øjvind Winge wa Denmark, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Tunajua leo kwamba ziko chembe za aina mbili. Kwa sura zinafanana, hata huwezi kusema huyu mume na huyu mke. Kila aina inatoa kemikali yake, ambayo nyingine inaitambua kama mtu anayesikia harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa jirani. Chembe iliyoitambua inaacha kuchipua. Inajivuta kuelekea ilikotoka harufu, mpaka inachongoka kama kibuyu. Mwenzake anafanya vivyo hivyo.

Zinapogusana zinashikamana. Kisha ukuta ulio katikati unatobolewa. Ni kama majirani wawili waliogawana ukuta mmoja, wakaubomoa, vyumba viwili vikawa kimoja. Hapa pana hatari. Ukuta ukifunguka kabla hazijashikamana vizuri, vilivyomo ndani humwagika na chembe hufa. Mambo yakienda sawa, viini viwili vinaungana na inapatikana chembe moja yenye urithi wa pande zote mbili. Ikikosa chakula, inaweza kutengeneza ndani yake mbegu nne ngumu zinazovumilia shida. Kwa kuoanisha hamira, Winge na wenzake walipata aina mpya. Watafiti wa Naliendele, hapa kwetu Mtwara, nao huchavusha maua ya mkorosho huu kwa chavua ya mkorosho mwingine ili wapate mbegu bora.

Turudi kwa Pasteur. Katika miaka ya 1860 alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto kiasi, bila kutokota, bakteria wa kuuharibu hufa. Njia hiyo hutumika leo kwa maziwa. Hata hamira hufa kwa moto. Ukiikoroga kwa maji ya moto sana, unga wako hautaumuka. Tumia maji ya uvuguvugu.

Wakati huohuo nyumba yake ilikuwa na msiba. Alikuwa na watoto watano. Jeanne alikufa mwaka 1859 kwa homa ya matumbo. Camille alikufa mwaka 1865. Cécile alikufa mwaka 1866, naye kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 Pasteur mwenyewe alipata kiharusi, na upande wa kushoto ukalegea. Alikuwa na umri wa miaka 45. Hakuacha kazi. Alijiuliza: ikiwa vijidudu vinaharibu mvinyo, kwa nini visiharibu na mwili wa mtu?

Alitengeneza chanjo ya kimeta kwa mifugo, kisha ya kichaa cha mbwa. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa daktari, kwa hiyo madaktari ndio waliompiga mtoto sindano, 13 kwa jumla. Joseph akapona. Ugonjwa huo ungali upo. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Alizikwa Paris, ndani ya taasisi yenye jina lake iliyofunguliwa mwaka 1888. Joseph Meister alipokuwa mtu mzima alipata kazi mahali hapo, akawa mlinzi wa lango.