Ewart Grogan: Mzungu aliyetembea hadi Cairo kwa ajili ya mchumba, kisha akaleta samaki wa Scotland mto Gura

Kwa mkazi wa Nyasubi pale Kahama, samaki ni sato, sangara na dagaa wa ziwani. Trauti wengi hawajawahi hata kumsikia. Ni samaki wa madoadoa, ndugu wa salmoni, anayetaka maji baridi yaendayo kasi, na kwao ni Ulaya. Lakini kwenye mito ya milima ya Aberdare, Kenya, yupo kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Aliyempeleka ni Ewart Grogan.

Grogan alizaliwa Uingereza, Desemba 1874. Shule haikumkalia vizuri, chuo cha Cambridge kilimfukuza, na mwaka 1896 akaenda kupigana vita vya Wamatabele, Zimbabwe ya leo. Baadaye akafika New Zealand na kumpenda binti mmoja, Gertrude Watt. Baba wa kambo wa binti akamwona kijana hana mbele wala nyuma. Grogan akaahidi kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini.

Safari ilianza 1898 akiwa na mwenzake, Arthur Sharp. Walipita ziwa Nyasa, wakafika Tanganyika na Ujiji, Ujiji hii hii ya Kigoma, wakaendelea hadi Kivu. Sharp alirudi kwao kabla ya mwisho. Grogan akaendelea na wapagazi wake kupitia vinamasi vya mto Nile, njaa na homa vikimwandama, na mwanzoni mwa 1900 akatokea Cairo. Mwaka huohuo akamwoa Gertrude. Wapagazi waliobeba mizigo yote hiyo, historia imewataja kwa uchache sana.

Mwaka 1904 akahamia Kenya. Akajikatia misitu ya mbao na viwanja Nairobi, kikiwemo kinamasi ambacho wengine walikidharau. Halafu akaona mito ya Aberdare: maji ya baridi kali, mawe, maporomoko. Kwa Mwingereza mwenye hela, mto wa namna hiyo bila trauti ulikuwa na kasoro.

Mwaka 1905 akaagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Yai la trauti likipata joto tu limekufa, na meli ilipaswa kukatiza bahari ya Shamu hadi Mombasa. Yakaletwa yakiwa yamepozwa, yakapandishwa treni, kisha milimani ambako barabara haikuwepo. Yaliyopona yakaingia mto Gura. Samaki wakakubali maji, wakazaliana, na baadaye trauti wakapandikizwa mito mingine ya milimani, hadi Kilimanjaro na Mbeya.

Uvuvi wake si wa nyavu wala mtumbwi. Mvuvi anasimama mtoni, anarusha mdoano uliovishwa manyoya ufanane na mdudu, na trauti akidanganyika anarukia. Enzi za ukoloni huo ulikuwa mchezo wa mabwana. Samaki aliwekwa mtoni kwa starehe yao. Mkikuyu aliyeishi kando ya mto hakuulizwa. Sangara naye alitiwa ziwa Victoria miaka ya 1950 bila wavuvi kuulizwa, ila yeye angalau alifika sokoni.

Na Grogan hakuwa mtu wa kupakwa sukari. Machi 1907, akiwa kiongozi wa walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Hakusubiri kesi. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, na walowezi wenzake wakamwona shujaa.

Utajiri ukaja: hoteli ya Torr's katikati ya Nairobi, mashamba ya mkonge Taveta, na jumba lake kilimani ambalo watu bado wanaliita kasri la Grogan. Gertrude alifariki 1943. Mume wake akatoa ardhi Muthaiga ijengwe hospitali ya watoto, iliyofunguliwa 1947 kwa jina la mkewe. Ipo mpaka leo.

Yeye alifariki Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92. Barabara ya Grogan, Nairobi, ilibadilishwa jina ikawa Kirinyaga. Mafundi magari na wauza spea wa pale bado wanasema wapo Grogan.