Mutesa II: Kabaka aliyedai haki ya Buganda, akainyima Bunyoro

Miongoni mwa viongozi wa Afrika Mashariki wa miaka ya mwanzo ya uhuru, ni vigumu kumpata aliyevaa kofia mbili zilizogongana kama Sir Edward Mutesa II, Kabaka wa Buganda na Rais wa kwanza wa Uganda.

Alizaliwa Novemba 19, 1924, akarithi kiti cha Buganda mwaka 1939 akiwa na miaka 15 tu. Alisoma Budo, Makerere na hatimaye Cambridge, Uingereza. Wakoloni walidhani wamejipatia mtu wao.

Walikosea. Juni 1953, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, aligusia uwezekano wa kuiunganisha Afrika Mashariki katika shirikisho. Buganda ilishituka, ikihofia kumezwa na walowezi wa Kenya. Mutesa akadai ufalme wake utengwe na sehemu nyingine za Uganda na upangiwe tarehe ya uhuru. Gavana Andrew Cohen akamsafirisha kwa ndege hadi uhamishoni London, Novemba 30, 1953. Waganda hawakukubali Kabaka mwingine, na Oktoba 1955 alirejea akiwa shujaa.

Baada ya Lukiiko, yaani baraza la Buganda, kujitangazia uhuru usiotambuliwa na yeyote mwishoni mwa mwaka 1960, suluhu ilipatikana katika Katiba ya 1962. Buganda iliingia Uganda huru kwa uhusiano wa shirikisho, ikiwa na serikali yake na Lukiiko lenye mamlaka ya kuteua wabunge wake wa taifa. Oktoba 1963, kwa kuungwa mkono na chama cha UPC cha Waziri Mkuu Milton Obote, Mutesa akawa Rais.

Hapo ndipo mtihani ulipomkuta. Katika miaka ya 1890 Waingereza waliimega Bunyoro na kuipa Buganda ardhi hiyo, kama tuzo ya kuwasaidia kumpiga Mukama Kabalega. Wanyoro wa maeneo hayo hawakuacha kudai kurudi kwao, na Katiba iliagiza wakazi wa Buyaga na Bugangaizi wapige kura ya maoni. Mutesa, aliyefukuzwa nchini kwa kudai watu wake wasiamuliwe na wengine, alihamishia wapiganaji wastaafu wa Kiganda huko Ndaiga ili kuongeza kura. Hila hiyo haikufaa kitu, kwani walioruhusiwa kupiga kura ni wale tu waliokuwa katika daftari la mwaka 1962. Novemba 4, 1964, wakazi walichagua Bunyoro kwa wingi mkubwa.

Kama Rais alipaswa kuusimamia uamuzi huo. Kama Kabaka hakuweza kuukubali. Urafiki na Obote ulikuwa umekwisha kuvunjika. Februari 1966 Obote aliisimamisha Katiba, na Mei 20 Lukiiko likaitaka Serikali Kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Siku nne baadaye jeshi lililoongozwa na Idi Amin lililishambulia kasri la Mengo. Mutesa aliruka ukuta, akatoroka kupitia Kongo na Burundi hadi London. Mwaka 1967 falme zote zilifutwa.

Alifariki dunia Novemba 21, 1969, akiwa na miaka 45. Polisi wa Uingereza walitaja sumu ya pombe. Wafuasi wake hadi leo wanaamini aliuawa. Mwaka 1971 Amin yuleyule aliurudisha mwili wake, ukazikwa Kasubi kwa heshima zote.