Charles Kettering, Mtu Aliyetuondolea Hendeli

Ni alfajiri katika mtaa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam. Dereva amekwisha kushusha magunia ya viazi. Sasa anataka kuondoka. Anageuza ufunguo. Injini haiwaki. Unasikika mlio mmoja tu: ka! Anageuza tena: ka! Dereva anaingiwa na hofu. Anadhani stata imekufa. Kununua stata nyingine kule Gerezani kutamaliza faida yake yote.

Je, ni kweli stata imekufa? Tutapata jibu tukiyajua maisha ya Charles Kettering. Yeye ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyoenea katika magari.

Masomo yake

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876, karibu na mji wa Loudonville, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Macho yake yalikuwa mabovu. Alipomaliza shule, alifundisha watoto vijijini. Kisha akaingia chuo kikuu, lakini macho yalimlazimisha kuacha masomo. Hakukata tamaa. Alifanya kazi ya kusimika nguzo na kufunga nyaya za simu. Macho yalipopata nafuu, alirudi chuoni. Alimaliza mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 27.

Baadaye alipata kazi katika mji wa Dayton. Kampuni yake ilitengeneza mashine za kuhesabia fedha za madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering alizitia mota ndogo ya umeme. Hapo alijifunza jambo kubwa. Mota ndogo inaweza kutoa nguvu nyingi, mradi ifanye kazi kwa muda mfupi tu. Ikiendelea kwa muda mrefu, itaungua.

Hendeli na stata

Siku zile magari yaliwashwa kwa hendeli. Dereva alisimama mbele ya gari na kuizungusha kwa nguvu. Mara nyingine hendeli ilirudi nyuma ghafula na kumvunja mkono. Wataalamu wengi waliona kuwa mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa na nzito mno. Kettering alikumbuka ile mota ya dukani. Injini huhitaji kuzungushwa kwa muda mfupi tu, kisha hujiendesha yenyewe.

Mwaka 1909 yeye na rafiki yake, Edward Deeds, walianzisha kampuni ya Delco. Walifanya kazi katika banda lililokuwa nyumbani kwa Deeds. Mwaka 1911 stata yao iliwasha gari la Cadillac. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yaliuzwa yakiwa na stata hiyo. Tangu hapo, hata mtu asiye na nguvu nyingi aliweza kuwasha gari mwenyewe.

Kettering aliongoza utafiti katika kampuni ya General Motors hadi mwaka 1947. Si kila kazi yake ilileta heri. Mwaka 1921 msaidizi wake, Thomas Midgley, aligundua dawa ya risasi ya kutia katika petroli. Risasi hiyo ilikuwa sumu. Ilidhuru watu, hasa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Kettering alifariki tarehe 25 Novemba 1958.

Kwa nini gari hulia ka?

Stata hutumia umeme mwingi kwa muda mfupi. Taa mbili kubwa za mbele hutumia kama ampia 10 hivi. Stata ya gari dogo hutumia ampia 100 au zaidi. Kwa hiyo taa zinaweza kuwaka, na bado stata ikakosa umeme wa kutosha.

Mlio wa ka hutoka katika swichi ya stata. Maana yake, swichi imepata umeme, lakini stata haizunguki. Kabla ya kununua kitu, fanya hivi:

1. Weka gia huru na uvute breki ya mkono.
2. Washa taa kubwa. Mwenzako apige stata. Taa zikififia sana, au mlio ukiwa ta-ta-ta-ta, shuku betri au nyaya zake.
3. Tazama vichwa vya betri. Vikilegea, vikaze. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visafishe. Fungua kwanza waya wa hasi (−), na urudishe huo mwisho. Usiguse unga huo kwa mkono mtupu.
4. Tazama pia waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Usiwe umelegea wala kuoza.
5. Bado? Ichaji betri, kisha jaribu tena.
6. Kama betri imejaa, nyaya ni safi, na mlio ni ka moja tu, huenda stata ni mbovu. Hapo mwite fundi aifungue.

Dereva wetu alifungua boneti. Alikuta kichwa kimoja cha betri kimejaa unga wa kijani. Alikisafisha na kukikaza. Akapiga stata. Injini ikanguruma, na faida ya viazi ikabaki mfukoni.

Maswali

1. Kwa nini Kettering aliacha chuo, na kwa nini alirudi?
2. Mota ya dukani ilimfundisha nini?
3. Taa za gari zinawaka lakini stata haizunguki. Utatazama nini kwanza?